APE1 Haikati? Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

APE1 ni kimeng'enya cha binadamu cha kukarabati DNA, chenye asidi amino 318 na uzito wa takriban kilodaltoni 35.5. Hukata uti wa DNA upande wa 5′ wa pengo la besi, yaani pale ambapo besi imeng'oka na kubaki sukari peke yake. Mapengo hayo hutokea kwa maelfu kila siku ndani ya kila seli. Tomas Lindahl, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, alionyesha kwamba DNA huharibika yenyewe majini, hata pasipo sumu wala mionzi.

Maabara huitengeneza protini hii ndani ya bakteria E. coli, au huinunua ikiwa tayari kwenye gliseroli. Jaribio likienda mrama, lawama ya kwanza huangukia kimeng'enya: "kimekufa," "kundi hili ni bovu." Mimi naona mambo kinyume. Mara nyingi mkosaji ni DNA uliyokipa kimeng'enya, au bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) iliyosafiri pamoja na DNA hiyo, au namna ulivyolisimamisha jaribio. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini inaanzia kwenye DNA, na protini inafuata baadaye.

Usianze uchunguzi wowote bila mirija minne ya kulinganishia: usio na kimeng'enya, wenye kimeng'enya pamoja na EDTA (kemikali inayonyakua ayoni za metali kama magnesiamu), wenye DNA nzima isiyo na pengo, na wenye kimeng'enya kingine unachojua kinafanya kazi. Aliyekosa mirija hii anabahatisha tu.

Hakuna kinachokatwa kabisa

Anza na magnesiamu. APE1 haikati bila ayoni hiyo, na bafa nyingi za kazi huwekwa milimola 1 hadi 10. Swali si kama uliiweka, bali kama bado ipo huru. Wengi hutengeneza pengo kwa kuchukua DNA yenye urasili na kuing'oa urasili kwa kimeng'enya cha UDG. UDG hakihitaji magnesiamu, na bafa yake ya dukani mara nyingi ina EDTA milimola 1. Mchanganyiko huo wa UDG ukiwa nusu ya ujazo wa jaribio lenye magnesiamu milimola 1, umebeba EDTA ya kutosha kunyakua nusu ya magnesiamu yako. Tiba ni rahisi: ongeza magnesiamu hadi milimola 5 au 10, au badilisha bafa ya DNA kwa safu ndogo ya kuchujia.

Pili, chumvi. Ukataji hushuka kadiri chumvi inavyopanda, na protini iliyotoka moja kwa moja kwenye safu ya utakaso inaweza kuja na chumvi nyingi. Piga hesabu ya chumvi yote iliyomo kwenye mrija, ikiwemo ile inayotoka kwenye akiba ya protini. Ikivuka milimola 100, punguza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Tatu, je, nyuzi mbili za DNA zimeungana? APE1 hupendelea DNA ya nyuzi mbili. Weka uzi wa pili uzidi kidogo, mara 1.2 hivi ya ule wenye lebo (alama ya kuuonyesha), pasha hadi nyuzi joto 95, kisha uache upoe taratibu. Fanya hivyo DNA ikiwa bado na urasili. Ukishang'oa urasili usiipashe tena, na sababu utaiona baadaye.

Nne, kuyeyusha mno, yaani kuzimua kimeng'enya kwa kimiminika kingi. Kimeng'enya kikifika nanomola chache au chini yake, hunata kwenye kuta za mrija wa plastiki na kutoweka. Bafa ya kuyeyushia iwe na albumini ya ng'ombe takriban miligramu 0.1 kwa mililita, na tumia mirija isiyonatisha protini. Mtu anayeyeyusha mara 10,000 ndani ya bafa tupu hupima plastiki, si APE1.

Yote haya yakiwa sawa na kimeng'enya cha kulinganishia kinakata huku chako kimya, hapo protini yako inastahili kushukiwa. Peleka plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni ya APE1) isomwe mfuatano wake. Ukikuta asidi glutamiki badala ya asidi aspatiki kwenye nafasi ya 148, usishtuke: hiyo ni tofauti ya kawaida kati ya binadamu, na haichukuliwi kuwa kosa la utengenezaji. Badiliko kwenye nafasi ya 210 au 309 ni habari nyingine, kwa kuwa hizo ni sehemu za kitovu cha kazi. Huenda mtu alikupa toleo lililouawa makusudi kwa ajili ya kulinganishia, na lebo ya mrija ikakosewa.

Kinakata nusu, kisha kinagoma

Asilimia 50 au 60 ya DNA inakatika, halafu hata ukisubiri saa nzima hakuna badiliko. Kipimo kimoja kinatenganisha sababu zote: ongeza dozi ya pili ya kimeng'enya kipya. Kipande kilichokatwa kikiongezeka, kimeng'enya cha kwanza kilikuwa kimechoka. Kisipoongezeka, DNA iliyobaki haikatiki, na hakuna kiasi cha protini kitakachosaidia.

Kwa DNA isiyokatika, sababu kubwa ni UDG kutomaliza kazi. Chukua kiasi kidogo, kipashe pamoja na hidroksidi ya sodiamu ya mola 0.1, kisha ukiendeshe kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu na kuonyesha kila urefu kama mkanda. Alkali moto huvunja kila pengo halisi la besi, kwa hiyo asilimia inayokatika hapo ndiyo kikomo cha APE1 yako. Ikisoma asilimia 55, basi APE1 iliyokata asilimia 55 imefanya kazi yote iliyokuwepo. Kipimo hiki hakifai kwa pengo bandia la THF (tetrahidrofurani, inayoiga pengo la besi), ambalo alkali haiwezi kulivunja. Kwa THF, angalia usafi wa oligo yenyewe (kipande kifupi cha DNA kilichoundwa kiwandani), na uagize iliyosafishwa kwa jeli au kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali).

Sababu ya pili ni nyuzi zisizoungana, kama ilivyoelezwa juu.

Ya tatu wengi hawaifikirii. APE1 hukata kwa kasi kubwa mno, lakini hukawia kukiachia kipande ilichokata. Magnesiamu ikiwa kidogo au chumvi ikiwa chini sana, kimeng'enya hukaa juu ya kipande chake. Vipandishe kidogo, kwa mfano chumvi hadi milimola 50 na magnesiamu hadi milimola 5, uone kama kazi inasonga.

DNA imekatika hata pasipo na kimeng'enya

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Pengo halisi la besi ni dhaifu. Joto hulivunja. Alkali hulivunja. Hata amini zilizo kwenye bafa, zikiwemo Tris na spemidini, hulisumbua taratibu. Sasa fikiria utaratibu wa kawaida: mtu anasimamisha jaribio kwa formamidi, anapasha nyuzi 95 kwa dakika 5, anapakia jeli. Zile dakika 5 zimekata DNA ambayo kimeng'enya hakikuigusa. Mrija usio na kimeng'enya unaonyesha mkanda wa kipande, na mirija mingine yote imechafuka kwa kiasi hicho hicho.

Jeli ikiwa na uwezo wa kutenganisha vizuri, polyakrilamidi asilimia 20 yenye yurea mola 7, itakuambia nani alikata. Weka lebo ya FAM (rangi inayong'aa) kwenye ncha ya 5′ na utazame urefu wa mwendo. APE1 huacha ncha safi ya 3′ yenye hidroksili. Joto au alkali kidogo huacha mabaki ya sukari kwenye ncha hiyo, na kipande huenda polepole kidogo, hivyo mkanda hukaa juu kidogo ya ule wa APE1. Alkali kali humalizia kwa kuacha fosfati, na kipande hukimbia kidogo, chini ya ule wa APE1. Tofauti ni chini ya urefu wa nukleotidi moja, kwa hiyo jeli fupi iliyoendeshwa haraka haitakuonyesha. Iache iende hadi rangi ya bromofenoli ya buluu ikaribie kutoka chini. Ukiona mikanda miwili iliyobanana kama pacha badala ya mmoja, jua kuna wakataji wawili ndani ya mrija wako, na mmoja wao huenda ni kipasha joto.

Tiba, kuanzia iliyo rahisi:

Tumia pengo bandia la THF kwa kazi zote zisizolazimu pengo halisi. Halina aldehidi (kundi tete la kemikali lililo kwenye pengo halisi), halivunjwi na joto wala alkali, na APE1 hulikata vizuri. Kwa maoni yangu, anayeanza hana sababu ya kugusa pengo halisi mpaka jaribio lake la THF litulie.

Ikilazimu pengo halisi, tengeneza DNA hiyo siku ile ile ya kazi, iweke kwenye barafu, na ubadilishe bafa ya Tris kwa bafa ya HEPES yenye pH karibu na 7.5.

Kabla ya kupasha, lifunge pengo kwa borohidridi ya sodiamu iliyoyeyushwa muda huo huo. Huigeuza aldehidi kuwa alkoholi, na pengo halivunjiki tena. Tahadhari: borohidridi hutoa gesi ya hidrojeni ikigusa maji, na zaidi ikigusa asidi. Fanya chini ya kabati la kuvuta hewa, mrija usifungwe, mbali na moto. Kama maabara yako haina kabati hilo, njia hii si yako. Rudi kwenye THF.

Ikiwa hata THF imekatika bila kimeng'enya, sababu ni nyingine kabisa: oligo chafu tangu kiwandani, au maji na bafa zenye nukleasi (vimeng'enya vinavyokata DNA). Endesha oligo peke yake kutoka kwenye mrija wa akiba, bila bafa. Mkanda ukiwepo, tatizo lilikuja na kifurushi. Usipokuwepo, tupa bafa zote na utengeneze upya. Kutafuta ni bafa ipi hasa yenye nukleasi hugharimu muda kuliko kuzitupa zote.

DNA ya mirija yote imekatika, haina tofauti

Kimeng'enya ni kingi mno. Watu huweka nanomola 10 kwa sababu ndivyo walivyozoea na vimeng'enya vingine, na APE1 humaliza kazi kabla hujafunga kifuniko. Kwa THF ya nanomola 100, anza na kimeng'enya nanomola 0.1, na uchukue sampuli za sekunde 30, dakika 1, 2 na 5. Unataka sehemu ya mwanzo tu, isiyozidi asilimia 20 ya DNA kukatika. Baada ya hapo mstari wa kasi hupinda na namba zako hazina maana.

Kagua pia jinsi unavyosimamisha. EDTA ya mwisho izidi magnesiamu, angalau mara mbili yake. Kuua kwa joto peke yake hakutoshi, kwani wakati mrija unapanda joto kimeng'enya kinaendelea kula.

Chini ya kipande kuna ngazi ya vipande vidogo

APE1 ina kazi nyingine ndogo: hutafuna DNA kutoka ncha ya 3′ pale ilipokatika. Ikiwa nyingi na chumvi ikiwa chini, hula kipande ilichokitengeneza, nukleotidi baada ya nukleotidi. Punguza kimeng'enya kwanza, halafu pandisha chumvi hadi milimola 50 au 100. Ngazi ikitoweka, ulikuwa unaona APE1 yenyewe. Ikibaki, una mchafuzi.

Sehemu inayofuata ni ya huyo mchafuzi.

Kinaendelea kukata ndani ya EDTA

APE1 kwa kiasi cha kawaida hunyamaza ndani ya EDTA. Isiponyamaza, shuku bakteria uliyoitumia kutengenezea. E. coli ina wakataji wake wa mapengo ya besi: eksonukleasi III, inayohitaji magnesiamu na hivyo hujificha vizuri nyuma ya APE1, na endonukleasi IV, ambayo hubeba zinki zake ndani na huvumilia EDTA. Kuna pia vimeng'enya vya bakteria vinavyokata kwa njia ya kung'oa sukari, na hivyo vitajitaja kwenye jeli kwa ile mikanda ya juu au ya chini niliyoeleza.

Ulinganisho unaoaminika ni mmoja: safisha toleo lililokufa la APE1, lenye badiliko la D210N (asidi aspatiki ya nafasi ya 210 imegeuzwa asparajini), kwa njia ile ile, safu zile zile, siku zile zile. Likikata, anayekata ni mchafuzi. Tiba ni kuongeza safu ya heparini au ya kubadilishana ayoni baada ya safu ya nikeli inayokamata protini, na kuosha kwa chumvi nyingi protini ikiwa bado imeshika safu. Wenye bahati ya kuwa na aina ya E. coli isiyo na jeni za wakataji hao wawili waitumie tangu mwanzo. Kwa protini ya kununua, muulize muuzaji matokeo ya kipimo cha nukleasi cha kundi lako hasa, si ya bidhaa kwa jumla.

Safu ya utakaso na protini vinaleta vituko

Safu ya nikeli husema kwa rangi. Ikiwa samawati, ni nzima. Ikigeuka kahawia, DTT (kipunguzi, yaani kemikali inayozuia protini isioksidike) imezidi na imeathiri nikeli. Ikiwa nyeupe, EDTA imeing'oa nikeli yote na protini yako imepita moja kwa moja na maji ya kuoshea. Usiyamwage kabla ya kuyapima.

Mkanda wa pili kwenye jeli, chini kidogo ya APE1 kwa kilodaltoni 3 au 4, ni wa kawaida sana. Mkia wa mwanzo wa protini haujajikunja, na vimeng'enya vikata-protini huupenda. Fanya kazi kwenye baridi, weka PMSF (kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo) wakati wa kupasua seli, na uiongeze tena kwa kuwa huharibika majini ndani ya muda mfupi. Tahadhari: PMSF ni sumu, vaa glavu na usiivute. Kilichokatwa mkia bado hukata DNA vizuri, kwa sababu sehemu ya ukarabati iko upande wa pili, kwa hiyo jaribio la kukata halitakufichulia hasara hii. Ikiwa unachunguza kazi ya pili ya APE1, ile ya kurejesha vidhibiti vya jeni katika hali isiyooksidika, kazi hiyo hutegemea upande wa mwanzo wa protini, kwa hiyo usiitegemee sampuli iliyokatwa.

Protini ikiwa na mawingu baada ya kubadilishwa bafa, chumvi imeshuka mno. Ibakize angalau milimola 100 hadi 150. Usomaji wa mwanga wa nanomita 260 ukizidi ule wa 280, umebeba DNA ya bakteria, na kiasi cha protini ulichoandika kwenye daftari ni cha kubuni. Osha kwa chumvi ya mola 1 kwenye safu, kisha upime upya kwa njia ya rangi.

Protini kutopatikana kabisa kwenye seli: punguza joto hadi nyuzi 18 usiku kucha, IPTG (kemikali inayoamsha utengenezaji wa protini) milimola 0.2, na uanze na koloni jipya. Koloni la wiki tatu kwenye sahani ya ampisilini huenda lilishaipoteza plasmidi.

Kazi hupungua wiki hadi wiki

Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko sababu ya kwanza. Gawa katika vifungu vidogo, gandisha haraka, weka nyuzi 80 chini ya sifuri. Kile cha kila siku kiwe ndani ya gliseroli asilimia 50 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ambako hakigandi. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupanda na kushuka joto na hazifai.

DTT nayo huisha. Kwenye pH 8.5 na nyuzi 20, nusu yake hupotea kwa saa 1.4 hivi, kwenye pH 7.5 kwa takriban saa 10. APE1 ina sisteini 7, na DTT ikiisha utaona mkanda wa kilodaltoni 70, yaani APE1 mbili zilizoshikana, kwenye jeli isiyo na kipunguzi.

Kabla ya yote hayo, mtazame mtu anavyochota. Gliseroli ni nzito: ncha ya pipeti ikizamishwa hadi chini, tone hung'ang'ania nje ya ncha, na maikrolita 0.5 huwa 1 bila mtu kujua. Gusa uso wa kimiminika tu, vuta polepole, pangusa ncha kwenye ukingo wa mrija. Kimeng'enya "kinachobadilika kila siku" mara nyingi ni mikono miwili tofauti.

Kizuizi kinazuia sana, au hakizuii kabisa

Kwa kifupi, kwa wanaojaribu kemikali za kuzuia APE1: methoksiamini haikamati APE1, hukamata aldehidi ya pengo. Ukiitumia na THF haitafanya lolote, na si kosa la mtu. Kemikali inayozuia kila kimeng'enya unachoijaribisha huenda inajikusanya vijibonge au inajipenyeza kwenye DNA. Ongeza Tween 20 (sabuni laini) asilimia 0.01 urudie, kisha ujaribu na kimeng'enya cha DNA kisichohusiana.

Pa kuweka vifaa chini na kuita mtu

Sentrifuji ikitetema, ikinguruma isivyo kawaida, au rota ikiwa na ufa au kutu: izime, usiifungue mpaka isimame kabisa, muite fundi wa vifaa. Kisanduku cha jeli kikivuja huku umeme ukipita, zima kwenye chanzo cha umeme kwanza, usiguse kimiminika. Unga wa akrilamidi (wa kutengenezea jeli) ukimwagika, toka, zuia wengine wasiingie, na umwite ofisa usalama. Hushambulia neva na hupenya ngozi. Mrija uliotoka kwenye nitrojeni ya kimiminika unaweza kulipuka ukipata joto, kwa hiyo miwani na kinga ya uso si za hiari.

Ukiwa umeshabadilisha DNA, bafa na mikono, na toleo lililokufa bado linakata, acha kuchoma vifaa. Peleka protini kwenye spektrometa ya masi: uzito kamili utaonyesha mkia uliokatwa, badiliko la asidi amino moja, au protini isiyo APE1. Kwa iliyonunuliwa, mtumie muuzaji namba ya kundi, picha ya jeli yenye mirija yote minne, na muundo wa bafa yako yote. Bila mrija wa EDTA kwenye picha hiyo, atakurudisha ulikotoka, na atakuwa na haki.

Protini iliyoandikwa kuwa ya utafiti wa maabara tu isifike kwa mgonjwa wala kwenye kipimo cha kutambua ugonjwa, hata ikikata vizuri namna gani. Mtu akikuomba hivyo, mpeleke kwa kamati ya maadili ya taasisi kabla hujampa hata maikrolita moja.